Uchorongaji wa mwamba kwa mzunguko

Uchorongaji wa mwamba kwa mzunguko ni njia ya kutoboa jiwe kwa kutumia ncha au ukingo wa kukata unaozungushwa huku ukisukumwa kwenye mwamba bila kuinuliwa. Njia hii hutofautiana na uchorongaji wa kugonga, ambapo patasi hupigwa, hurudishwa nyuma, hugeuzwa kidogo na kupigwa tena. Mashine za kwanza za kuzungusha zilizotumia mvuke, maji au hewa iliyoshindiliwa zilibuniwa katika karne ya 19, hasa huko Ulaya na Marekani, kwa ajili ya mahandaki ya reli, migodi na visima.

Katika Tanzania magharibi njia hii inajulikana zaidi kupitia utafutaji wa dhahabu. Wilaya ya Nzega katika mkoa wa Tabora ina miamba ya kale sana, yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, na dhahabu yake iko ndani ya miamba hiyo migumu. Mitambo inayochoronga huko leo ni mikubwa na ina injini za dizeli, lakini sehemu zake muhimu zilibuniwa zamani ili kutatua tatizo moja: namna ya kuifanya ncha iume jiwe badala ya kuteleza juu yake.

Tatizo la msingi

Seremala anayetumia keekee hasukumi sana. Mbao ni laini kuliko chuma, kwa hiyo ncha huingia yenyewe na kutoa vumbi la mbao kadiri inavyozunguka. Keekee hiyohiyo ikiwekwa juu ya graniti huzunguka palepale. Jiwe hung'aa kidogo, chuma hupata moto, makali huisha, na tundu halionekani.

Sababu yake inaweza kukadiriwa kwa hesabu. Graniti nzima huvunjika inapobanwa kwa nguvu ya takriban kilo 1,500 hadi 2,500 kwa kila sentimita mraba. Chini ya kiwango hicho ncha haizami, bali husugua tu. Mtu anayeegemea keekee kwa uzito wote wa mwili wake hutoa labda kilo 60 au 70. Kwa hiyo mbunifu wa mashine ya kuzungusha alikuwa na njia mbili tu. Angeweza kutafuta kitu kigumu kuliko jiwe, chenye ncha ndogo kiasi kwamba hata msukumo mdogo unatosha. Au angeweza kubaki na chuma cha pua na kutafuta msukumo wa tani kadhaa. Mashine mbili mashuhuri za karne ya 19 zilifuata kila moja njia yake.

Njia ya kugonga haina tatizo hili kwa kiwango hicho. Nyundo ya kilo 4 inaposimamishwa ghafla na jiwe hutoa kani kubwa kwa muda mfupi sana, na muda huo unatosha kupasua. Ndiyo maana mchimbaji mwenye moko na nyundo huweza kupenya mwamba ambao keekee haiwezi kuugusa.

Kabla ya mashine

Kutoboa jiwe kwa kuzungusha ni kazi ya kale. Mafundi wa Misri ya kale walitumia bomba la shaba lililozungushwa juu ya mchanga mkali. Shaba yenyewe haikukata kitu. Ilibeba chembe za mchanga, na chembe hizo ndizo zilizosaga graniti. Bomba liliacha katikati kipande cha jiwe chenye umbo la mche duara, na vipande vya aina hiyo viliokotwa Giza na kuchunguzwa na Flinders Petrie katika miaka ya 1880. Wazo la kukata pete tu na kuacha katikati bila kukatwa lina faida kubwa: kazi inapungua, kwani sehemu kubwa ya jiwe haisagwi bali hutolewa nzima.

Katika pwani ya Afrika Mashariki mafundi wa majahazi walitumia keekee ya uta, ambayo huzungushwa mbele na nyuma kwa kamba. Ilifaa kwa mbao. Mwendo wake wa kwenda na kurudi haukufaa kwa kina kirefu wala kwa jiwe gumu, kwa sababu kila inapobadili upande hupoteza nguvu.

Mnamo mwaka 1813 Mwingereza Richard Trevithick alitumia injini ya mvuke kuzungusha biti ya kutoboa chokaa kwa ajili ya ujenzi wa kizuizi cha mawimbi huko Plymouth. Chokaa ni jiwe laini kiasi, na chuma kiliweza kulikata. Mashine za mkono zenye biti ya ond na parafujo ya kusukumia zilienea vilevile katika migodi ya makaa ya mawe na chumvi. Kwenye graniti zote zilishindwa.

Mashine ya almasi

Jibu la kwanza lilitoka kwa familia ya Leschot ya Geneva. Georges-Auguste Leschot alikuwa mbunifu wa mashine za kutengenezea saa, na mwanawe Rodolphe alikuwa mhandisi. Hataza ya Marekani ya mashine yao ilitolewa mwaka 1863. Lengo la kwanza lilikuwa kutoboa matundu ya kuwekea baruti katika mahandaki.

Biti yao ilikuwa pete ya chuma, iliyoitwa taji, yenye almasi zilizopachikwa kwenye ukingo wake. Baadhi ya almasi zilitokeza kidogo upande wa nje na nyingine upande wa ndani, ili tundu liwe pana kuliko bomba na mche wa katikati uwe mwembamba kuliko nafasi iliyoachwa. Kama pengo hilo lisingekuwapo, bomba lingekwama baada ya sentimita chache. Almasi zilizopendwa hazikuwa zile za vito, bali karbonado, yaani almasi nyeusi kutoka Bahia nchini Brazili. Almasi ya kito hupasuka kwa urahisi ikigongwa katika mwelekeo fulani. Karbonado imeundwa na chembe nyingi zilizoshikana ovyo, kwa hiyo haina mwelekeo dhaifu.

Fundi aliyepachika almasi alikuwa mtu muhimu kuliko mwendesha mashine. Alichimba kitundu kwa kila jiwe, akalitia ndani, kisha akakaza chuma kuzunguka kwa patasi ndogo. Jiwe moja likilegea na kuanguka ndani ya tundu, taji yote ilipita juu yake na almasi zilizobaki zilivunjwa na mwenzao.

Mashine ilizungusha bomba mara mia kadhaa kwa dakika. Maji yalisukumwa ndani ya bomba, yakapita kwenye almasi na kurudi juu nje ya bomba yakiwa na unga wa jiwe. Maji yakikatika kwa dakika chache, taji huungua.

Sehemu iliyowasumbua wabunifu zaidi ni ile ya kusukuma. Mashine nyingi za mwanzo zilitumia parafujo mbili zinazozunguka pamoja kwa mwendo usiolingana. Bomba lilikuwa na hesi upande wa nje na lilipita katikati ya nati kubwa. Bomba na nati vilizungushwa na gia tofauti kidogo. Kwa mfano, kama bomba linazunguka mara 400 kwa dakika na nati mara 398, tofauti ni mizunguko 2; ikiwa hatua ya hesi ni milimita 5, bomba litashuka milimita 10 kwa dakika. Kwa kubadilisha gia, fundi alipata mwendo wa haraka kwa jiwe laini na wa polepole kwa jiwe gumu.

Mfumo huu ni sahihi mno, na usahihi huo ndio kasoro yake. Gia hazijui kwamba mwamba umebadilika. Taji ikitoka kwenye jiwe laini na kuingia ghafla kwenye mshipa mgumu, parafujo huendelea kushuka milimita 10 kwa dakika kama kawaida, na kani juu ya almasi hupanda hadi kitu kivunjike. Baadhi ya watengenezaji waliweka klachi ya msuguano ili nati iteleze kani inapozidi. Suluhisho bora lilikuwa kuacha parafujo na kutumia silinda ya maji: pistoni husukuma kwa kani ileile wakati wote, na mwendo hujirekebisha wenyewe. Jiwe likiwa gumu, mashine hupunguza mwendo. Zaidi ya hayo, mwendeshaji anayetazama geji ya maji huweza kutambua aina ya mwamba ulio chini hata kabla sampuli haijatolewa.

Kwa matundu ya baruti mashine ya almasi ilikuwa ghali mno. Hata hivyo kile kilichoonekana kama takataka, yaani mche wa jiwe uliobaki ndani ya bomba, kiligeuka kuwa faida yake kuu. Mche huo ulionyesha tabaka za mwamba kwa mpangilio wake, mita kwa mita. Ndani ya miaka michache mashine ya almasi ilihama kutoka kwenye mahandaki na kuwa chombo cha kutafutia madini. Kadiri bei ya karbonado ilivyopanda, zilitokea pia mashine za bei nafuu zilizotumia punje za chuma kigumu badala ya almasi, zikisaga chini ya bomba tupu kwa namna isiyo mbali na ile ya mafundi wa Misri.

Mashine ya Brandt

Jibu la pili lilitoka kwa Alfred Brandt, mhandisi aliyezaliwa Hamburg mwaka 1846. Aliona jinsi mashine za kugonga zilivyofanya kazi katika handaki la Gotthard huko Uswisi na akaamua kwamba zinapoteza nguvu nyingi kwa mitetemo na hewa inayovuja. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1870 alitengeneza mashine ya kuzungusha isiyotumia almasi wala hewa, bali maji yenye kanieneo ya takriban mara 100 ya hewa ya kawaida.

Biti yake ilikuwa bomba nene la chuma cha pua, lenye kipenyo cha takriban sentimita 7 na meno matatu au manne mdomoni. Ilizunguka polepole sana, mara 5 hadi 10 kwa dakika, kiasi kwamba mtu angeweza kuhesabu mizunguko kwa macho. Kilichofanya kazi ni msukumo. Pistoni yenye eneo la sentimita mraba 100, ikisukumwa na maji yenye kanieneo ya kilo 100 kwa sentimita mraba, hutoa kilo 10,000, yaani tani 10. Tani hizo zikigawanywa kwa meno manne, kila jino hupata tani 2.5 juu ya eneo dogo la ncha yake, na hapo nguvu ya graniti inazidiwa. Jino halisugui tena. Linaponda na kung'oa vipande.

Kuzungusha kulifanywa na injini mbili ndogo za maji zilizofungwa ubavuni. Zilienda kasi, lakini gia ya parafujo ilipunguza mwendo wao na kuongeza nguvu. Maji yaliyokwisha kufanya kazi katika injini hayakumwagwa: yalipitishwa ndani ya biti hadi kwenye meno, yakapoza chuma na kuosha vipande vya jiwe.

Swali lililobaki ni hili: mashine inayosukuma kwa tani 10 inaegemea wapi? Mashine ya kawaida ingerudi nyuma badala ya biti kwenda mbele. Brandt aliifunga kwenye nguzo nene iliyowekwa kwa kukingama katika handaki. Nguzo hiyo nayo ilikuwa na pistoni ndani yake. Maji yalipofunguliwa ilirefuka na kujibana kati ya kuta mbili kwa nguvu kubwa kuliko ile ya kuchoronga. Handaki lenyewe lilishika mashine.

Mashine hiyo ilitumika upande wa magharibi wa handaki la Arlberg nchini Austria, huku upande wa mashariki ukichorongwa na mashine za kugonga, kwa hiyo wahandisi waliweza kulinganisha. Baadaye ilichaguliwa kwa handaki la Simplon kati ya Uswisi na Italia, lenye urefu wa karibu kilomita 20, lililochimbwa kuanzia mwaka 1898. Brandt alifariki mwaka 1899, kabla kazi haijakamilika.

Mashine ya Brandt haikuenea duniani kote. Ilikuwa nzito, na ilihitaji mto wa kuendesha pampu pamoja na mabomba yanayostahimili kanieneo kubwa. Mashine za kugonga zilikuwa nyepesi, na zilipopata chuma chenye tundu katikati cha kupitishia maji, ambacho Mmarekani J. George Leyner alikiingiza mwaka 1897, zilitawala migodi ya miamba migumu kwa miongo mingi. Mzunguko ulibaki na kazi mbili: kutafuta madini kwa almasi, na kuchimba visima virefu vya mafuta. Kwa kazi ya pili Howard Hughes wa Texas alipata hataza mwaka 1909 ya biti yenye koni mbili zinazobiringika, ambazo huponda jiwe badala ya kulikwangua.

Nzega

Nzega iko kwenye njia panda ya barabara za Tabora, Shinyanga na Singida, katika nchi iliyokatwa na njia za misafara ya karne ya 19. Kabla ya reli, karibu kila kitu kilichofika Unyamwezi kutoka pwani kilibebwa begani, na mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa takriban kilo 30. Mashine ndogo za almasi za kuzungushwa kwa mkono zilitengenezwa ng'ambo ili zigawanywe na kubebwa na nyumbu, lakini mbung'o waliwaua wanyama wa mizigo katika sehemu kubwa ya njia hiyo. Silinda ya Brandt isingegawanyika katika mizigo ya kilo 30 hata kidogo. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912, na tawi lake linalopita Bukene, wilayani Nzega, lilifika Mwanza mwaka 1928.

Dhahabu ya eneo hili pana ilikuwa ikichimbwa tayari. Huko Sekenke, mashariki mwa Nzega katika wilaya ya Iramba, Wajerumani walifungua mgodi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na dhahabu yake ilitumika mwaka 1916 kutengenezea sarafu ya rupia 15 mjini Tabora.

Kizuizi kingine ni maji. Mito ya Nzega hukauka wakati wa kiangazi, na mashine ya Brandt isingepata chochote cha kuendeshea pampu zake. Mashine ya almasi nayo huhitaji maji, lakini kwa kiasi kinachoweza kuletwa kwa boza na kutumiwa tena baada ya tope kutuama kwenye shimo pembeni.

Umuhimu wa kuchoronga unaonekana ukilinganishwa na uchimbaji wa duara. Wachimbaji wadogo hufuata mshipa wa dhahabu kutoka juu. Mishipa mingi haiendi chini wima. Mshipa ulioinama kwa nyuzi 60, ukionekana mahali fulani juu ya ardhi, kwa kina cha mita 50 utakuwa umesogea upande mmoja kwa karibu mita 29. Duara lililochimbwa wima pembeni kidogo, upande usio sahihi, halitaukuta kamwe, na mita 50 za mwamba mgumu kwa moko ni kazi ya miezi mingi, pamoja na gharama ya matimba, chakula na pampu. Tundu la almasi lenye upana wa sentimita chache, lililoelekezwa kwa kuinama upande wa pili, huukata mshipa na kuleta juu mche unaoonyesha kina chake, unene wake na pembe yake. Kwa wachimbaji wadogo kikwazo ni bei: tundu moja hugharimu fedha ambazo kikundi hupata baada ya dhahabu kuonekana, si kabla.

Mgodi wa Golden Pride, katika eneo la Lusu, ulitokana na utafutaji wa aina hii. Ulianza uzalishaji mwishoni mwa miaka ya 1990 chini ya kampuni ya Resolute ya Australia, ukiwa wa kwanza katika kundi la migodi mikubwa ya kisasa ya dhahabu nchini Tanzania, na ulifungwa mwanzoni mwa miaka ya 2010. Katika utafutaji wa kisasa kama huo njia zote mbili hutumika pamoja. Sehemu ya juu, ambapo mwamba umeoza, huchorongwa haraka kwa mashine inayogonga huku ikizunguka na kuleta juu vipande vidogo kwa hewa. Pale panapohitajika kuona mwamba wenyewe, huwekwa taji ya almasi. Taji za sasa hazina karbonado zilizopachikwa kwa mkono: zina chembe ndogo za almasi zilizochanganywa katika metali, ambazo hujitokeza kadiri metali inavyolika. Tangu miaka ya 1950 mche hutolewa kwa kuvutwa na waya ndani ya bomba, bila kuyapandisha mabomba yote.

Maji na vumbi

Tofauti kati ya mashine za awali ilihusu pia afya. Mashine nyingi za kugonga za miaka ya 1860 hadi 1890 zilifanya kazi kavu, na kila pigo lilitoa unga laini wa jiwe. Unga wa mwamba wenye kwatzi ukivutwa kwa miaka husababisha silikosisi, ugonjwa wa mapafu usiopona. Katika migodi ya dhahabu ya Witwatersrand, Afrika Kusini, wachorongaji wengi walikufa kwa ugonjwa huo mwanzoni mwa karne ya 20.

Leschot na Brandt waliingiza maji ili kupoza biti na kusafisha tundu. Kwamba maji hayo yalizuia vumbi lisifike puani lilikuwa jambo la ziada, ingawa huko Simplon lilionekana kuwa la thamani kubwa. Chuma chenye tundu cha Leyner kilileta faida hiyohiyo kwa mashine za kugonga. Katika maduara mengi ya wachimbaji wadogo leo, mashine ya kugonga inayoendeshwa kwa kompresa bado hutumika bila maji, kwa sababu maji ni haba na lazima yanunuliwe. Pipa moja lenye mpira mwembamba hadi mdomoni mwa tundu hupunguza sehemu kubwa ya vumbi; kitambaa kilichofungwa usoni hakizuii chembe ndogo, ambazo ndizo zinazofika ndani kabisa ya mapafu.